Midomo ya Fosca

Siena, 4 Oktoba 1920

Mama Mdogo Zaira,

Shikamoo, na mfikishie Bibi Argia yake pia, hata kama atajifanya hakusikia. Kiziwi ni mimi, lakini katika ukoo huu asiyesikia ni yeye. Huku sote wazima. Masista wamenipa meza ya dirishani kwenye chumba cha ushonaji, maana tarizi za mavazi ya makasisi zinataka macho, na macho ndiyo mali yangu. Delia mwenzangu ameposwa na mwokaji mikate na siku hizi hashiki sindano, anautazama ukuta tu na kutabasamu.

Habari yenyewe ni hii: picha ya sinema ya mwisho ya mama imefika Siena. Wakaguzi waliizuia tangu wakati wa vita kwa sababu alicheza peku na miguu ikaonekana mpaka magotini. Sasa vita vimekwisha na miguu imesamehewa. Kwenye bango uso wake ni mkubwa kuliko mlango wa kanisa, na wasichana wa mjini wameanza tena kukata nywele kama zake.

Unaukumbuka mchezo wetu. Picha hizi hazina sauti, basi wenzangu ukumbini wanasoma maandishi ya kwenye pazia, "Ewe mpenzi, moyo wangu waungua," na mimi naisoma midomo yake, na midomo inasema, "Corinna, umekula? Mbona umekonda?" Kwenye ile picha ya malkia anayekunywa sumu, pale anapokata roho, alisema, "Mwambie Sista Benedetta asikubane nywele hivyo." Watu wanalia, mimi nacheka peke yangu. Hakuna picha aliyocheza bila kunitumia neno. Jumapili nakwenda kumsikia kwa mara ya mwisho, na Delia atanisindikiza.

Sista Benedetta anasema nisiiamini sana midomo. Alitufundisha kwa kutushikisha: kidole puani pake anaposema "mama", kidole kooni pake anaposema "baba", kwa sababu kwa macho matupu maneno hayo mawili ni pacha. Nilipokuwa mdogo nilimwita kasisi wetu mama mwaka mzima, na yeye akaitika, maskini.

Baba naye ameandika tena. Anataka niende Torino nicheze kwenye picha zake. Anasema nina uso wa mama, na kwamba mbele ya kamera ukiziwi si kasoro. Sijui nimjibu nini. Nilikuwa simjui sana, na sasa anaandika kila wiki. Anasema mama alianguka kwenye ngazi za jumba la kupigia picha, ndivyo alivyokufa. Wewe nimekuuliza mara mbili na mara zote umenijibu habari za maharage. Nijibu safari hii.

Mwanao,
Corinna


Prato, 15 Oktoba 1920

Corinna mwanangu,

Marahaba. Bibi yako mguu wa kushoto umevimba na ulimi umenolewa. Anasema shikamoo yako ameipokea. Mimi nipo kama nilivyo, matambara asubuhi, matambara jioni. Wametuletea mabehewa mawili ya makoti ya askari waliokufa, yachanwe yawe sufu tena. Vifungo tunavikata kwa mkono. Mashine inanguruma kiasi kwamba wanawake wote tunazungumza kwa midomo, kama wewe, ila wewe hutukani. Jirani yetu Cesira amepata mjukuu, na paka wetu amekufa.

Njugu za mlimani, zile za mitini, zimeanza kuanguka. Njoo ule keki ya unga wake, Bibi ataipika kwa mafuta na majani ya rozimari kama kawaida, bila sukari, hata ulie.

Torino usiende sasa. Kuna baridi, na hujawahi kuishi mji mkubwa. Mama yako Fosca alikufa Novemba ile ya 1918 ambayo kila nyumba ilikuwa na maiti. Mengine tutazungumza ukija, uso kwa uso, kwa sababu mambo mengine siwezi kuyaandika huku Bibi yako amekaa anautazama mkono wangu.

Njoo kwanza. Baba yako mwambie unaumwa.

Zaira


Siena, 2 Novemba 1920

Mama Mdogo,

Natumaini mguu wa Bibi umepungua. Leo ni siku ya marehemu, tumewasha mishumaa, na wa mama nimeuwasha mwenyewe.

Nimeiona. Nimerudi mara ya pili, na ya tatu nikaenda peke yangu, masista wakaninyima chakula cha jioni kwa hilo. Mama anacheza dansi na taa mkononi. Amekonda, shingoni amevaa utepe mpana wa mahameli. Anazunguka, anazunguka, kisha anasimama na kutazama moja kwa moja kwenye kamera, kitu ambacho alikuwa hafanyi. Maandishi yanasema, "Usiku wa leo ni wangu." Midomo inasema, "Corinna. Mama ataniua. Usiende kwake."

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Mara ya tatu nilikaa kiti cha mbele kabisa na nikasoma yale yale.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi. Bibi Argia, mama yake, alimfanya nini? Nilikuwa na miaka minane niliposoma midomoni mwake, jikoni kwenu, akimwambia mama, "Bora nikuzike kuliko kukuona unajitingisha kwenye pazia." Mlidhani kwa kuwa sisikii basi sipo. Ndiyo maana hujanijibu miaka yote hii. Unamlinda.

Prato siji. Mama amenikataza na sina neno lake jingine litakalokuja. Nimemwandikia baba kwamba nakubali. Ananitumia mtu wa kunichukua wiki ijayo.

Usinikasirikie wewe. Wewe sina ubaya nawe.

Corinna


Prato, 9 Novemba 1920

Corinna,

Leo sina salamu. Nimekaa na barua yako mfukoni kutwa nzima na nimejikata vidole viwili nikikata vifungo.

Bibi yako ana ulimi, hana mikono ya kumuua mtu. Aliyasema hayo jikoni, ni kweli, na mabaya zaidi. Kisha kila picha ya Fosca ilipokuja alijifunika shali akaenda kukaa nyuma kabisa ukumbini, na akirudi anasema alikuwa kanisani. Huyo ndiye muuaji wako.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakificha. Unasema baba yako amekuandikia ngazi. Sisi alituandikia homa, ile ya Kihispania. Jeneza lilikuja limepigiliwa na barua kwamba lisifunguliwe kwa ajili ya maradhi. Tukatii. Mwaka mmoja kabla ya hapo Fosca alikuja hapa bila taarifa, mwezi wa Agosti, jua linachoma, na shingoni kajifunga skafu. Alikaa siku chache. Usiku alilala na mimi na skafu hakuivua. Bibi yako akamwambia mke ni kwa mumewe, rudi kwako. Akarudi. Tangu jeneza lile lije Bibi hajalitaja jina la Fosca, na mimi nimenyamaza kwa ajili yake, kwa sababu ni mama yangu na sikutaka kumzika naye.

Sijui Fosca alisema nini kwenye hiyo picha. Najua tu usiende Torino. Kama umeshafunga mizigo, ifungue.

Mama Mdogo wako


Torino, 10 Januari 1921

Mama Mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimefika salama zamani, nisamehe ukimya. Barua yako ya Novemba ilinikosa Siena, masista wakaituma huku, na baba akaifungua yeye kwa sababu, anasema, ilifika imelowa na alitaka kuikausha. Alinisomea baadhi. Habari ya skafu ilimchekesha sana. Anasema mama alikuwa akiumwa tezi na aliona aibu. Anasema homa ilikuja kwanza na kuanguka kukafuata. Nikaridhika, au niseme, nikanyamaza.

Anaponitendea mema anatenda kweli. Nina chumba kizuri ghorofa ya pili, dirisha linatazama mkahawa. Nguo za mama zote zipo na zinanienea, hata viatu. Mwalimu wa dansi ananivua soksi nisimame juu ya mbao karibu na piano, muziki unapanda kwenye nyayo, na hapo hakuna anayenishinda. Mkate wa huku umejaa chumvi, wa kwanza niliutema. Nautamani wetu wa Prato, mkavu, usio na chumvi hata chembe.

Mlango wa nje baba anaufunga na funguo anatembea nazo, kwa sababu mimi sisikii mtu akibisha. Ni kweli, sisikii.

Juzi alinipeleka kuliona jumba la kupigia picha. Ni zuri mno, la vioo vitupu, kama lile banda la maua pale Siena. Lote lipo chini, Mama Mdogo. Nimelizunguka. Halina ngazi. Labda waliziondoa.

Tunaanza kupiga picha Machi. Baba anasema nisiwe naandika sana, naharibu macho.

Corinna


Prato, 6 Februari 1921

Corinna mwanangu,

Marahaba, na baba yako nampa salamu zake, kwa kuwa najua atapitisha macho hapa. Bwana Evasio, hujambo. Sisi wazima. Mguu wa Bibi umepona, ulimi bado.

Sina jipya ila kichekesho kimoja, nakuandikia ucheke. Juzi kazini mashine ilikuwa inanguruma, Ersilia mwenzangu akanipa habari kutoka upande wa pili, kwa midomo tu kama tufanyavyo, kwamba mama yake Dina, mwenzetu pale, kafariki. Nikalia hapo hapo. Jioni nikajitanda nyeusi, nikabeba mayai sita, nikaenda kwa Dina kutoa pole. Nikagonga. Aliyefungua mlango ni mama yake Dina. Mzima, na kijiko mkononi, ananiuliza nimefiwa na nani. Kumbe aliyefariki ni baba. Ersilia akaapa kwamba alisema baba, na mimi naapa niliona mama. Wanawake wa kiwandani wamenicheka wiki nzima. Wanasema hilo kosa kila anayefanya kazi kwenye mashine zile hulifanya mara moja, na halirudii.

Nimecheka nikakukumbuka wewe na Sista Benedetta na kasisi wenu. Usiku nikasimama mbele ya kioo nikayasema yote mawili, polepole, na sikucheka tena. Hebu na wewe jaribu mbele ya kioo cha mama yako, ukikumbuka ile dansi ya taa. Na ukumbuke pia kwamba Fosca, tangu akuzae, hakumwita Bibi jina jingine zaidi ya Bibi.

Ni kichekesho tu. Kisome mara mbili.

Zaira


Torino, 18 Aprili 1921

Mpendwa Zaira,

Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi sijambo na ninafurahia maisha yangu kwa baba yangu mzazi, ambaye ananitunza kwa upendo mkubwa. Kichekesho chako kilituburudisha wote wawili. Kazi inakwenda vizuri na picha itakamilika karibuni. Baba anaamini itapita hata zile za marehemu mama.

Kutokana na shughuli nyingi sitaweza kuandika tena, nawe huna haja ya kujisumbua. Sheria inasema mimi ni wa baba mpaka nitimize miaka ishirini na mmoja, na ninafurahi iwe hivyo.

Naikumbuka keki ya Bibi yenye sukari nyingi. Naukumbuka mkate wa Prato ulivyokolea chumvi. Picha ikija huko uende kuitazama, na unitazame vizuri ninapocheza.

Wako mwaminifu,
Corinna Bertola


Prato, 1 Mei 1921

Mwanangu,

Nimeipata. Nimesoma habari za mkate na za keki. Bibi nimemsomea na akaacha kula.

Nakuja kukutembelea. Niambie siku.

Zaira

(Barua hii ilirudi Prato mwezi wa Juni, bahasha haijafunguliwa, na juu yake kwa mwandiko wa kiume: Wamehama.)


Torino, 20 Oktoba 1921

Corinna wangu,

Huu mkate unaousoma, maana barua imo ndani yake, ameuoka Bibi Argia kwa mikono yake. Ukiulamba utajua mwenyewe umetoka wapi. Mwanamke anayelinda mlango wenu wa chini amekubali kuupokea kwangu na kuuweka kwenye sinia lako la mchana. Nimemwambia ni mkate wa mgonjwa. Alinitazama shingoni, akatazama kule juu, akasema tu, "Yule wa kwanza naye alikuwa na ndugu?" Nikamwambia ndiyo, mimi.

Hamkuhama. Nilijua hamkuhama, kwa sababu mabango yako yalianza kuja na anuani ya baba yako iliyoandikwa juu yake ni ile ile.

Picha yako imefika Prato wiki iliyopita. Bibi hakujifunika shali. Tulikaa mbele kabisa, yeye na mimi na Ersilia na nusu ya wanawake wa mashine. Unacheza vizuri, mwanangu. Nilitaka kufurahi na sikuweza. Ulipoingia na viatu vya Fosca na utepe ule ule wa mahameli shingoni, Bibi alinishika mkono akaufinya mpaka leo una alama. Kisha ukasimama ukatutazama. Maandishi yakasema sijui upuuzi gani wa mapenzi. Ukapeleka kidole kooni, midomo ikafunga mara mbili. Baba. "Baba ataniua." Kisha kidole kikapanda puani. Mama. "Njoo, Mama Mdogo." Ukumbi ukapiga makofi wakidhani ni mtindo mpya wa dansi. Ersilia hakupiga makofi. Alisimama akasema kwa sauti yake yote, kama yuko kiwandani, "Zaira, umesoma?" Nimesoma.

Furaha ya kukuelewa haikufika hata mlangoni. Nilikumbuka kwamba mama yako alipozungumza nawe pale Siena alikuwa ameshakaa kaburini miaka miwili. Picha yako mliipiga wakati wa baridi kuisha, nami nakusikia wakati majani yanaanguka. Njia yote kwenye treni nilikuwa nazungumza na mtu nisiyejua kama bado yupo. Sitaki kuuonja tena uchungu ule.

Bibi alinisindikiza kituoni kwa mguu wake ule. Treni ilipoanza kutembea alisema, "Mmoja nilimrudisha. Huyu nileteeni." Nilimwona analia, na nilikuwa sijawahi kumwona.

Nimekaa kwenye mkahawa huu tangu jana. Siwezi kukuita kwa sababu hutasikia, wala kugonga kwa sababu atakayesikia ni yeye. Nimeona pazia la ghorofa ya pili likisogea na sikuona mkono. Leo asubuhi nimeuona. Ni wako, nimeujua kwa kidole cha sindano. Nilimwaga kahawa yote.

Sikiliza sasa. Yule mwanamke wa mlangoni anao ufunguo wa ziada, tangu enzi za Fosca, na Evasio hajui. Amesema atafungua leo saa nane, anapopeleka kuni, akiwa na hakika bwana hayumo, na kwamba safari hii hatakaa kimya. Tatizo, Evasio ana mlango wa nyuma, na hakuna anayejua saa ngapi yumo na saa ngapi hayumo ila wewe. Sheria tusiiogope. Sheria itatukuta Prato, mbele ya wanawake wa mashine za matambara, ije ituchukue pale.

Viatu vyake viache. Shuka na hivyo vyako, au peku.

Ukimaliza kusoma, karatasi itie motoni na mkate ule, usibakize ganda. Kisha njoo dirishani, simama kama mtu anayetazama mvua, useme neno moja tu, lile lile. Nitaona midomo ikifunga mara mbili, na sitaiamini midomo, nitatazama mkono. Kidole kikiwa puani, ni mimi unayeniita na njia ni nyeupe, shuka. Kidole kikiwa kooni, yeye yumo ndani nyuma yako, basi usisogee, usigeuke, mimi ndiye nitakayepanda.

Nipo hapa chini, natazama.

Mama Mdogo wako,
Zaira